Mbuzi Aliyedaiwa Barabara

Ulikuwa mwaka ule ambao sisi watu wa mlimani tulianza kula wali siku ya Jumanne. Anayetaka tarehe akamuulize mwalimu. Mimi miaka naikumbuka kwa sufuria. Kuna miaka ya unga wa njano, ule wa msaada, uliokuwa ukinuka gunia hata ukiupikia maziwa. Kuna mwaka wa ndizi bila chumvi, tukala kiburu, zile ndizi za maharage, kimepooza kama dawa. Halafu ikaja ruhusa, wakasema sasa kila mtu auze anachokipata, maduka yakajaa sabuni za rangi zote, na mchele wa Chekereni ukaanza kupanda huku kwetu. Zamani wali ulikuwa wa Krismasi, Pasaka na kipaimara. Mtoto akiuona kwenye sahani anauliza, "Leo kuna nini?" Mwaka ule tuliupika Jumanne, hakuna kilichotokea, tukaula na maharage, tukajiona watu wa mjini kabisa.

Mwaka huohuo ndipo walipopandisha mafuta ili watujengee barabara.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Baba alipoona nimeshajua kuandika jina langu na kuhesabu mikungu ya ndizi bila kuibiwa, akasema inatosha. Lakini barabara naijua. Barabara yetu, ile inayoachana na njia kuu na kupanda mpaka kanisani, tuliilima kwa mikono, na mikono yangu ilikuwamo kabla sijaota mvi. Kwetu kazi hiyo inaitwa msaragambo. Pembe inalia Jumamosi asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na kila nyumba ina kipande chake cha barabara, kama vile ina kihamba chake cha migomba. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa. Wanaingia uani kwako wanachukua kuku, au mbuzi, kulingana na kiburi chako.

Kipande changu kilikuwa kona ya mtoni. Udongo wa pale ni mwekundu. Mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni ya kipande. Marehemu mume wangu aliikimbia ile kona tangu tulipooana, akaniachia mimi. Nilichimba mtaro upande wa juu, nikayaongoza maji mpaka kwenye migomba yangu, nikapanga mawe pembeni moja moja kama mtu anayepanga meno. Madereva wa malori ya kahawa walikuwa wakivuka pale wananipigia honi. Sisemi kwa kujidai. Ah, kwa nini nidanganye, najidai. Ilikuwa kona nzuri kuliko zote, na waliokuwa na vipande vya tambarare walinionea wivu.

Basi siku hiyo tuliitwa mkutano uwanja wa kanisa. Alikuja bwana mmoja kutoka mjini, wakamwekea meza, na juu ya meza wakatandika kitambaa cha madhabahuni, cheupe, chenye msalaba. Yule bwana akaegemeza viwiko vyake palepale penye msalaba, akaanza.

"Ndugu wananchi, maendeleo ni barabara. Na barabara ni gharama. Serikali haina mti wa kuchuma hela. Kwa hiyo tutaongeza kidogo tu kwenye kila lita ya mafuta. Wenye magari ndio watakaowajengea barabara."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kijiji kizima mwenye gari alikuwa mmoja, na hatukuwa tunampenda.

Mimi nikanyanyua mkono. "Na mashine ya kusaga?"

"Mashine gani, bibi?"

"Ya mahindi. Inakunywa dizeli. Au tuanze kuilisha majani ya migomba kama ng'ombe?"

Watu wakacheka. Yule bwana naye akacheka, kicheko cha mtu ambaye gari lake linamngoja likiwa linanguruma. "Bibi, hayo ni mambo madogo. Wewe hata baiskeli huna. Mafuta yanakuhusu nini?"

Kabla sijamjibu, mwenyekiti wa kijiji akasimama kuniokoa, au kumwokoa mgeni wake. Huyu mwenyekiti ni mtoto wa shemeji yangu. Nilimbeba mgongoni, na mgongo ulilowa. Akasema kwa sauti ya redio, "Jambo kubwa ni hili! Kuanzia leo barabara si kazi ya jembe tena. Inajengwa na wataalamu. Akina mama, majembe yenu yapumzike!"

Hapo vilipigwa vigelegele mpaka ng'ombe wa mchungaji akakata kamba. Mimi nilirudi nyumbani, nikaliosha jembe, nikalifuta, nikalichomeka juu darini. Nikiambiwa na serikali nipumzike, napumzika. Mimi si mkaidi.

Mafuta yakapanda. Wa kwanza kutuambia alikuwa mwenye mashine ya kusaga, akaandika bei mpya ukutani kwa mkaa, kubwa kuliko mlango. Halafu pikapu ya kwenda soko la Kwa Sadala: nauli yangu ikapanda, na nauli ya mkungu wa ndizi ikapanda, hata ndizi zikawa zinasafiri kwa gharama kubwa kuliko mimi. Mwenye duka akapandisha mafuta ya taa. Nikamwambia, "Walisema ya taa hayaguswi."

"Hayakuguswa, mama. Lakini yamepanda gari moja na dizeli."

Akapandisha na chumvi. Fundi cherehani naye akapandisha, wakati cherehani yake inakwenda kwa mguu. Nikafika kwa msusi, binti mdogo anayesukia chini ya mparachichi, naye kapandisha. Nikamuuliza, "Wewe vidole vyako vinatumia dizeli?"

"Vinakula ugali, mama. Na ugali umetoka mashineni."

Siku hiyo, kichwa changu kikiwa mapajani kwa mtoto wa watu, ndipo nilipouelewa uchumi. Mwenye gari alikuwa anayanunua mafuta kwa lita, anatia anaondoka. Sisi tulikuwa tunayanunua kwa kijiko: kwenye unga, kwenye chumvi, kwenye koroboi, mpaka kwenye nywele. Mimi nisiye na baiskeli nilikuwa najenga barabara toka utosini.

Na sikukataa, mnisikie vizuri. Barabara ni kitu kizuri. Nililipa kila kijiko. Nikawa nawaambia wenzangu, "Tulieni, lami inakuja."

Sasa niwaambie habari ya mbuzi, maana ndiye aliyetaka kulipia yote haya. Mke wa mwanangu wa mwisho alikuwa mjamzito. Mimba za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na alikuwa ameanza kutembea kama mtu anayebeba mayai kwenye kanga. Kwetu mwanamke akijifungua hashiki jembe wala hachoti maji. Anakaa ndani analishwa: mtori wa ndizi asubuhi, supu mchana, nyama iliyonona, mpaka anatoka hadharani anang'aa kama bati jipya, na watu wanasema, "Kumbe ana mama mkwe." Mama mkwe asiyemchinjia mzazi mbuzi, huyo atasemwa mpaka siku ya kuzikwa, na siku ya kuzikwa watamsema kwa sauti ya chini. Basi nilikuwa na ndafu wangu, mbuzi dume aliyehasiwa, nimemfungia ndani, namkatia majani mwenyewe, namlisha maganda ya ndizi. Alikuwa amenona hata kugeuka zizini ilikuwa kazi. Nilimnunua kabla mafuta hayajapanda. Kwa bei zilizokuja baadaye nisingepata hata mkia wake.

Barabara ilianza kwa kibao. Walikisimika njia panda, kirefu, cha chuma, kina maandishi pande zote. Tulikitazama msimu mzima wa kahawa. Halafu likaja greda, wakaja vijana wenye kofia za plastiki kama nusu ya boga, na bwana mkubwa wao aliyekuwa akishuka kwenye gari, anatazama mlima, anarudi garini. Greda lilipofika kona ya mtoni likausukuma udongo wote kwenye mtaro wangu, na mawe yangu yakaingia mtoni. Hata hodi hawakupiga. Nilisimama pale na kanga yangu nikawaza, labda lami haihitaji mtaro, mimi nitajuaje.

Lami ikaja. Nyeusi, inanukia, tuliigusa kwa kidole cha mguu. Ilitoka njia kuu ikapanda vizuri kabisa mpaka getini kwa yule mwenye gari, ikachoka. Pale pale mbele ya geti ilikoma, imekatwa kama mkate. Kuanzia hapo kwenda juu, kwetu sisi wengine wote, wakatunyunyizia changarawe.

Nikamfuata mwenyekiti. "Na huku juu?"

"Mama mkubwa, fedha zimeishia pale."

"Zimeishiaje?"

"Gharama zimepanda."

"Kwa nini zimepanda?"

Akatazama viatu vyake. "Mafuta yamepanda."

Ilibidi nikae chini kwenye nyasi. Nilicheka mpaka machozi, naye akabaki amesimama juu yangu na mkoba wake kwapani. Mafuta yamepandishwa ili barabara ijengwe, na barabara imeshindwa kufika kwa sababu mafuta yamepanda. Mimi mtu wa darasa la tatu nisingeweza kutunga kitu kama hicho. Kinahitaji chuo.

Waliizindua hivyohivyo. Kwaya iliimba, utepe ulifungwa kutoka kwenye nguzo ya geti hadi kwenye mgomba, mkasi ukaletwa juu ya sinia. Mgeni alikata, akasema tuitunze barabara yetu, akageuza gari palepale kwenye lami bila kukanyaga changarawe.

Masika ilipofika, kona ya mtoni ilikwenda na maji. Maji hayakuwa na pa kupita, yakapita barabarani, yakaibeba changarawe yote mpaka kwenye mahindi ya watu huko chini. Pakabaki korongo ambalo ng'ombe akiingia unaona pembe tu. Pikapu ikawa inaishia getini, kwenye lami, na sisi tunashuka mpaka pale na mikungu kichwani. Nauli haikupungua.

Ndipo Jumamosi moja asubuhi nikasikia pembe.

Nilidhani kuna msiba. Nikatoka nje. Akina mama wanapita na majembe begani, wameinamisha vichwa. Nyuma yao akaja mzee anayepiga pembe, jirani yangu wa siku nyingi, mtu wa masihara, pembe iko mkononi.

"Mama, pembe hukuisikia?"

"Nimeisikia. Masikio bado ninayo."

"Basi twende. Kona yako imekwenda likizo."

"Nimeshalipa kwenye mafuta. Jembe langu halitoki."

Akanitazama. Akatazama pembe yake kana kwamba ndiyo iliyonijibu. "Unataka nimwambie mwenyekiti hivyo?"

"Mwambie hivyohivyo, usipunguze neno."

Habari ilifika kabla yake. Akina mama waliporudi na matope magotini walinisimanga toka barabarani: "Mheshimiwa, umeamkaje?" "Mwenye lami yake, hujachafuka leo?" Mmoja akaniuliza kama nitagombea ubunge. Niliwajibu wote kwa adabu. Ila sitaficha, iliniuma. Nilikuwa napita pale kwenye kona na mkungu kichwani, naona maji yanavyotapatapa, naona palepale ambapo jembe lingeingia, na mikono inaniwasha. Kama mtu angeniambia tangu mwanzo, "Mama, fedha hakuna, tulime," ningekuwa wa kwanza pale. Lakini huwezi kunilipisha nyama halafu ukaniambia niende nikawinde.

Katikati ya wiki walikuja mgambo wawili. Mmoja mtoto wa hapa, mwingine wa kutoka tambarare. Waliingia mpaka zizini, wakamtazama mbuzi jinsi wanaume wanavyomtazama mbuzi.

"Mama, mwenyekiti amesema, Jumamosi hii usipotoka, tunamchukua huyu."

"Huyu ana kosa gani? Amekula dizeli?"

"Sisi tumetumwa."

"Huyu ni mbuzi wa mzazi."

Yule mtoto wa hapa alirudi nyuma hatua, akaanza kujikuna shingo. Mwenzake akasema mbuzi ni mbuzi, na sheria ya kijiji ni sheria. Wakaondoka. Mkwe wangu alikuwa mlangoni amesikia yote, mkono tumboni. Mwanangu akasema, "Mama, nipe jembe nikalime mimi, yaishe."

"Una jembe lako. Nenda kalime kipande cha mwingine. Kile ni cha nyumba hii, na nyumba hii imeshalipa."

Kisha mkwe wangu akasema, taratibu, bila kunitazama, "Mama, mimi hata kuku naweza kula. Usigombane nao."

Hilo ndilo lililonichoma. Mgambo hawakunitikisa, simango hazikunitikisa. Lakini mtoto wa watu aliyekuja kwangu kuzaa, aliyekwisha kulia vya kutosha katika nyumba hii, aniombe yeye msamaha wa mbuzi wake! Nilienda zizini nikasimama na yule mbuzi. Nilimtazama, akanitazama, akaendelea kutafuna. Nikajiambia, wakimchukua huyu, nitakuwa nimeshinda maneno nimeshindwa ukoo. Lakini nikitoa jembe, basi kila watakapopandisha kitu watajua kuna bibi mlimani anayelipa mara mbili.

Jumamosi pembe ikalia. Sikutoka. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi na panga la kukatia majani, nakata majani. Hakuja mtu. Mchana mzee wa pembe alipita, akanong'ona kama mwizi: "Mama, umetuharibia. Nyumba za juu kwa mchungaji nazo zimesema zimelipa kwenye mafuta. Leo tulikuwa mimi, mwenyekiti na kiziwi." Na yule mgambo wa hapa alikuwa amekataa. Mama yake alimwambia akithubutu kukanyaga zizi lenye mbuzi wa mzazi, asirudi kula kwake.

Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti akaja mwenyewe. Alifuatana na mzee wa pembe na mzee mwingine wa ukoo wetu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Na mkononi alikuwa ameshika jani la isale, limekunjwa, limefungwa fundo.

Kwa asiyejua: isale ndio mmea tunaoupanda mpakani mwa kihamba, na ndilo jani analobeba mtu anapokwenda kuomba msamaha. Ukiletewa isale hukatai. Hata kama aliyelileta amekuchomea nyumba, hukatai. Ukikataa, kosa linahama, linakuwa lako. Yule mtoto alijua anachofanya. Alikuwa ameona mgambo wameshindwa na pembe imeshindwa, akaenda mpakani akachuma kitu ambacho mimi, kwa malezi yangu, siwezi kukisukuma.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai mpaka ulipokee hili." Akalinyoosha kwa mikono miwili. Sauti ya redio ilikuwa imekwisha, imebaki ile niliyomlea nayo. "Nilikosa kutuma mgambo nyumba yenye mjamzito. Na nilikosa kusema majembe yapumzike kabla sijajua hela inaishia wapi. Nisamehe, mama mkubwa. Na Jumamosi utoke."

Mwanangu alikuwa amesimama, mkwe wangu amekaa. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikalipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Nimelipokea. Nimekusamehe wewe, na mgambo wako, na greda, na kibao, na yule bwana wa viwiko. Yamekwisha."

Akashusha pumzi, akakaa, akaanza kutabasamu. "Asante, mama mkubwa. Basi Jumamosi..."

"Jumamosi kuna nini?"

"Si umelipokea isale?"

Mzee wa ukoo, ambaye mpaka hapo alikuwa amefumba macho kama amelala, akayafumbua, akamgeukia mwenyekiti. "Mwanangu, isale anabeba nani?"

"Aliyekosa."

"Wewe umelibeba mbele yetu. Umekosa, umesema umekosa, umesamehewa. Sasa utamtoza vipi mbuzi mtu uliyetoka kumwomba msamaha?"

Mwenyekiti akalitazama lile jani mkononi mwangu. Mzee wa pembe alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. "Umejikata mwenyewe kwa jani lako!" akasema. "Serikali nzima imebeba isale, na mimi shahidi!"

"Lakini kona..." mwenyekiti akasema.

"Isale ni la kosa," nikamwambia. "Si la jembe. Karibu chakula." Ilikuwa Jumapili, tulipika wali. Alikula, masikini. Alikula sana.

Mkwe wangu alijifungua salama, mtoto wa kike, kwenye zahanati ya kanisa, ambayo iko huku juu. Mungu aliiweka upande wa kona unaofaa. Mbuzi alichinjwa. Mzazi akakaa ndani akalishwa supu yake mpaka mashavu yakajaa, na alipotoka kwenda kanisani na mtoto mgongoni wale wa simango walisema lile neno nililokuwa nalingoja. Sitalirudia, mmeshalijua.

Siku ile ya kuchinja mwenyekiti alikuja pia. Ni mtoto wa nyumbani, nani angemzuia. Nilimpa bakuli la supu, akanywa mpaka jasho likamtoka puani. Kisha akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Mama mkubwa, kuna habari njema. Wamesema wataongeza tena kidogo kwenye mafuta, ili wamalizie kile kipande cha juu."

"Hongereni."

"Ila kwa sasa, wakati tunasubiri, ile kona... wewe ndiye unayeijua. Asubuhi moja tu. Mtaro mdogo tu."

Nilichukua bakuli lake. Nikaliongezea supu, nikamtilia na mfupa wenye nyama, nikamrudishia kwa mikono miwili, maana ni mtoto wangu na nilimbeba.

"Nimeshalipa kwenye mafuta. Jembe langu halitoki."